Tarehe Chini ya Solotepu

Kaburi lilikamilika saa tatu asubuhi kule kijijini Ikinga, na saa tatu hiyohiyo kompyuta ya ofisi ya Seleman, mjini Tunduma, ilimwandikia Ferista kwa mara ya kumi na moja: Muunganisho umekataliwa. Cheti cha usalama hakiaminiki.

Ferista akabonyeza Sawa, kwa sababu hapakuwa na kitufe kingine. Tazama jeuri hiyo! Mashine inakuzuia kumzika mama mkwe wako, halafu inataka wewe ndiye useme sawa.

Marehemu Alinanuswe, mama mzazi wa mume wake Lusubilo, alikuwa ng'ambo tu ya mpaka, Nakonde, mwendo ambao mtu akitembea bila haraka hamalizi hata muwa mmoja. Alikuwa ndani ya jeneza, jeneza ndani ya Noah ya kukodi, na Noah imebanwa katikati ya malori ya shaba. Alikwenda Kasama, Zambia, kumsalimia binti yake Rozi, akaugua huko, akafa Jumanne. Kumwingiza nchini kulihitaji kibali. Kibali huombwa na wakala wa mpakani kupitia programu iliyo kwenye kompyuta yake, na wakala aliyechaguliwa na ukoo ni Seleman, kwa kuwa Ferista ndiye karani wake. Nani angekwenda kwa mgeni wakati mkwe anashika kompyuta? Jana jioni Ferista alilifungua ombi, likakubaliwa vizuri. Leo asubuhi ilibaki kulichapisha tu.

Na kule Ikinga walikuwa hawana muda wa kungoja. Kwa ukoo wa Lusubilo, kaburi lililochimbwa halilali wazi. Jua likizama kabla maiti haijafika, wazee hukata mgomba, huulaza shimoni na kuufukia, ili kaburi lisiite mtu mwingine wa nyumba ile. Likishafukiwa halifunuliwi tena. Pembeni ya mumewe Alinanuswe ilibaki nafasi moja, kati ya kaburi la mzee na jiwe kubwa. Mwenyewe aliwaonyesha kwa fimbo mwaka juzi: "Hapa ni pangu, msimpe mtu." Mgomba ukiichukua nafasi hiyo, bibi angepelekwa makaburi ya kata, akalale na watu asiowajua.

"Mama Angel, inasemaje sasa?" aliuliza Lusubilo kutoka kwenye benchi la wateja. Alikuwa fundi seremala katika mji mdogo wa Mpemba, mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo, na kofia yake ilikuwa juu ya magoti tangu saa moja.

"Haiamini cheti."

"Cha kifo? Mbona kina muhuri wa hospitali?"

"Si hicho. Hiki ni cha kompyuta na kompyuta. Yetu inaitambua ya ofisi ya vibali kwa cheti, kama unavyomjua mtu kwa sauti akibisha hodi. Naona usiku wamebadilisha. Yetu inasikia sauti ngeni, inadhani ni mwizi."

"Sasa si uiambie kwamba ni wao?"

Ferista akamtazama. Siku nzima ile hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko hilo. Yeye alikuwa amefundishwa kujaza fomu na kubonyeza Tuma. Kuiambia mashine imwamini nani, hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Simu ikaita. Ilikuwa Rozi.

"Wifi, bane, jamani, huku wananifukuza! Wanasema maiti haikai kwenye foleni ya malori. Nimewaambia awe, hapana, sitoki, mama anakwenda kwake. Mpaka saa ngapi?"

"Bado kidogo, wifi."

"Bado kidogo ulisema tangu saa moja!"

*

Ferista alipiga namba ya msaada ya ofisi ya vibali. Muziki ulimwimbia dakika thelathini na tano. Kisha akapokea kijana aliyekuwa anatafuna kitu.

"Mlitumiwa tangazo wiki mbili zilizopita, dada. Cheti kimebadilishwa jana saa sita usiku. Kila wakala alitakiwa aweke kipya. Hamsomi?"

"Halikutufikia, kaka. Na hapa tuna msiba, maiti ipo..."

"Limewafikia. Lipo kwenye kundi la mawakala." Akakata.

Kundi la mawakala lilikuwa kwenye simu ya Seleman. Naye Seleman aliingia saa nne na nusu, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akampa Lusubilo mkono wa pole na kumshikilia muda mrefu, maana msiba aliujua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga mwenye mali huumiza watu wengi kuliko mbaya asiye na kitu.

"Kundi gani? Hili?" Alitelezesha kidole. Kulikuwa na ujumbe mia tatu na kumi na mbili ambao haujafunguliwa. "Si ni yale matangazo yao ya semina?"

Tangazo lilikuwepo. Lilikuwa na siku kumi na tano, limeandikwa kwa herufi kubwa, na faili la cheti kipya limeambatanishwa chini yake. Seleman alilisoma midomo ikicheza, kisha akasema, "Ah, hili dogo, dada Ferista. Weka hapo tumalize." Siku kumi na tano limo mfukoni mwake, na sasa ni dogo.

Ferista alilihamisha faili kwa flashi. Akalibonyeza mara mbili. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kukiamini cheti hiki, akasema ndiyo, ikasema kimepokelewa. Lusubilo aliinuka kwenye benchi akavaa kofia.

Akafungua programu ya vibali. Cheti cha usalama hakiaminiki.

Lusubilo akakaa tena.

"Labda nijaribu wakala mwingine," alisema baadaye.

Alitoka, akarudi baada ya nusu saa, uso umemsawijika. Ofisi ya pili walishaweka cheti chao, mambo yao yalikwenda. Lakini ombi la Alinanuswe lilishafunguliwa na Seleman, na ombi lililofunguliwa na wakala mmoja haliguswi na mwingine mpaka lifutwe. Kulifuta ni siku mbili. Na kulifuta kunafanywa na wakala aliyelifungua, kwa programu ileile iliyogoma.

"Karani wao amenicheka," Lusubilo alisema, akiitazama sakafu. "Mbele za watu. Amesema, kwani mkeo si ndiye mtaalamu?"

*

Saa tisa kasoro robo simu ya msaada ilipokelewa na mwanamke. Alijitambulisha kwa jina la Ruti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa na watu wengi tangu asubuhi. Ferista alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Umekiweka wapi, dada yangu?"

"Kwenye kompyuta. Ikakubali."

"Kompyuta imekubali, ila programu haitazami orodha ya kompyuta. Ina orodha yake yenyewe ya vyeti inavyoviamini. Fungua Mipangilio. Umeona Usalama? Ingia. Kuna Vyeti Vinavyoaminika. Bonyeza Ongeza, ulichague lile faili, uhifadhi, uifunge programu uifungue upya."

Mambo yenyewe ndiyo hayo tu! Vibonyezo vitano. Kijana wa asubuhi angeweza kuvitaja kabla hajameza tonge lake. Ferista alifuata neno kwa neno, na Ruti akingoja hewani bila kukata, Mungu ambariki mama aliyemzaa.

Programu ilifunguka taratibu. Safari hii maandishi yalikuwa mengine: Cheti hiki bado hakijaanza kutumika.

"Inasema hakijaanza," Ferista alisema.

"Haiwezekani. Kimetengenezwa mwezi uliopita. Dada, hebu niangalizie, kompyuta yenu inasema leo ni tarehe ngapi?"

Ferista hakuhitaji kuangalia. Kwenye kona ya chini ya skrini, pale saa na tarehe zinapokaa, palikuwa na kipande cha solotepu nyeusi. Seleman alikibandika mwenyewe ili wateja wasione. Chini ya solotepu ile ilikuwa tarehe kumi na nne Machi, mwaka elfu mbili ishirini na moja.

"Asante dada Ruti," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeelewa."

Ilikuwa hivi. Seleman alikuwa na programu nyingine, ya kuandalia karatasi za mizigo. Ilikuwa ya kujaribia tu, ya siku thelathini, na fundi mmoja wa kompyuta aitwaye Sufiani alimuuzia kama mali halali. Siku thelathini zilipokaribia kwisha, Sufiani alirudi akairudisha tarehe ya kompyuta nyuma, akasema, "Bosi, hii isisogee. Ikiiona tarehe ya kweli hata mara moja, inajifunga moja kwa moja." Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka minne, kazi ya kwanza ya Ferista ilikuwa kuirudisha kompyuta tarehe kumi na nne Machi. Tarehe za kweli walizigonga kwa muhuri wa mpira. Cheti cha zamani cha ofisi ya vibali kilikuwapo tayari mwaka huo, kwa hiyo hakikuona tatizo. Hiki kipya, kwa kompyuta ya Seleman, kilikuwa hakijazaliwa. Ofisi nzima ilikuwa imeuzoea uongo huo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, na leo hakuna aliyekumbuka kwamba kinabana.

"Bosi," Ferista alisema. "Ni tarehe."

Seleman alielewa mara moja, na rangi ya uso ikambadilika. "Hapana," alisema.

"Niirekebishe dakika mbili tu, nichapishe, niirudishe."

"Hapana, dada Ferista. Dakika mbili ndizo hizohizo. Karatasi za wateja wangu wote zimo mle, za miaka yote. Ikijifunga mimi nimekwisha. Sufiani yupo Mbeya, nampigia sasa hivi. Kesho asubuhi anakuja, anazitoa zote, halafu unarekebisha tarehe unavyotaka."

"Kesho?"

"Kesho saa mbili. Maiti si imepigwa dawa? Haiharibiki."

Lusubilo alisogea hadi kwenye kaunta. Alikuwa amevua kofia tena. "Bosi, si kuharibika. Kaburi limeshachimbwa. Kwetu haliwezi kulala wazi. Wataweka mgomba, na pale pembeni ya baba hapatafunguliwa tena. Mama alipaomba mwenyewe."

"Naelewa kabisa, ndugu yangu. Mila ni mila." Seleman aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu kumi, akaikunja mara mbili. Akaipitisha juu ya kaunta na kuibandika katika kiganja cha Lusubilo. "Rambirambi. Ongea na wazee, wazee huwa wanaelewa."

Lusubilo, mtoto wa marehemu, kifungua mimba wa Alinanuswe, aliipokea noti ile kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

"Asante, bosi," alisema.

Ferista angeweza kuvumilia mengi. Aliivumilia mashine, akamvumilia kijana anayetafuna, akauvumilia ujumbe mia tatu na kumi na mbili. Asante ile hakuiweza.

"Kaka Seleman," alisema, "baba yako alipofariki mwaka jana, alizikwa baada ya saa ngapi?"

"Usiniingizie..."

"Nakuuliza. Nilikuwepo, nilipika. Alifariki alfajiri, saa kumi alasiri tumeshatoka makaburini. Ulitaka kupiga mtu kwa sababu sanda ilichelewa nusu saa. Leo mama yangu yupo barabarani na malori, unasema kesho! Kwa ajili ya kitu cha wizi!"

"Angalia mdomo wako, Ferista. Ni mimi ninayekulipa."

"Mama Angel, acha," Lusubilo alisema. "Tutaharibu kabisa. Acha, twende tukawaombe wazee."

Lakini Ferista alikuwa ameshaingiza ukucha chini ya solotepu. Ilikuwa imegandiana na plastiki, ikatoka vipandevipande, ikiacha gundi nyeusi. Seleman aliirukia kaunta. Mlango mdogo wa kaunta ulikuwa na komeo kwa ndani, aliliweka mwenyewe wezi walipovamia duka la jirani, na sasa alikuwa upande wa wateja akilipapasa asilifikie.

"Ferista! Ferista, nakwambia!"

Bonyeza tarehe. Badilisha. Mwaka. Mwezi. Siku. Hifadhi. Ferista aliyafanya moja baada ya jingine. Dirisha la programu ya mizigo, lililokuwa wazi upande wa kushoto, lilisita, likaandika kwa Kiingereza kwamba muda wake umekwisha, likajifunga. Halikupiga hata kelele. Kisha akafungua programu ya vibali, na ofisi ya vibali iliyogoma tangu asubuhi ikafunguka kana kwamba haijawahi kumkatalia mtu. Ombi la Alinanuswe lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha. Printa ikakohoa, ikatoa kibali.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Seleman alikuwa ameacha kulipapasa komeo. Alikuwa amesimama mikono imemlegea, akiitazama ile nafasi tupu upande wa kushoto wa skrini.

"Funguo," alisema.

Ferista aliziweka juu ya kaunta, ya mlango na ya kabati. Akachukua mkoba wake na kitenge. Alipopita kwa mumewe aliichukua ile noti ya elfu kumi kutoka mkononi mwake, akaiweka juu ya funguo.

*

Pale mpakani, anayegonga muhuri wa vibali vya maiti alikuwa ameshauvaa mkoba wake begani. Alikuwa kijana mdogo kuliko wapwa wa Lusubilo, na Lusubilo alimwita mzee mara tatu.

"Mzee, samahani. Mzee, ni mama yangu."

"Mngekuja asubuhi."

"Mfumo ulikataa, mzee."

"Mfumo haukatai. Watu ndio hawajui kuutumia," alisema kijana, akagonga muhuri bila kukaa.

Ferista alikuwa nyuma, ameshika ukuta. Alikitaka kichwa cha kijana yule kama mtu anavyotaka maji. Akanyamaza, maana muhuri ulikuwa umeshagongwa na wino ulikuwa haujakauka.

Noah ilivuka saa kumi kasoro dakika tano. Rozi alikuwa amekaa pembeni ya jeneza, kilemba kimemwangukia shingoni, macho yamevimba. Waliposhikana mikono hakuna aliyeweza kulia. Kulikuwa na barabara ya kuwahi.

Baba mdogo Nsajigwa, mdogo wake marehemu mzee, ndiye aliyekuwa na kauli kule Ikinga, na alimpigia Ferista simu walipokuwa wanapita Mpemba.

"Mkwe, jua linashuka."

"Tumepata kibali, baba. Tumo njiani na mama."

"Tangu asubuhi mpo njiani."

"Safari hii kweli, baba."

"Na saa nne ilikuwa nini? Na saa sita?" Mzee alipumua kwa nguvu. "Watu wana njaa, mkwe. Mchungaji ameshaondoka. Nitakupigia jua likifika mlimani, uniambie mpo wapi. Mkiwa karibu tutangoja."

Simu ya Lusubilo ilikuwa imekufa chaji tangu adhuhuri. Ya Rozi na ya dereva zilikuwa na laini za Zambia, nazo zilikosa mtandao walipouacha mji. Ikabaki ya Ferista. Na katika simu hiyo, walipokuwa wanapandisha milima ya Ileje, ulianza kuingia ujumbe wa Seleman.

Neno la siri la programu ya vibali ni lipi? Wateja wamejaa.

Kisha: Nakuuliza Ferista.

Kisha akapiga. Akapiga tena. Kisha: Acha utoto, umeniharibia ofisi halafu unanifungia na mfumo. Neno la siri.

Hakuuliza mama amefika wapi. Ferista alikibonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia mpaka simu ikazima kabisa. Akaitupa ndani ya mkoba. Raha aliyoisikia ilikuwa kubwa, na mwenye kumlaumu na ajaribu kwanza kupitishwa siku kama ile. Lakini raha ile ilikuwa na bei. Saa kumi na mbili kamili, jua lilipofika mlimani, mzee Nsajigwa alipiga simu mara sita, na mara zote sita sauti ya mwanamke asiyemjua ilimwambia namba hiyo haipatikani.

*

Waliingia Ikinga mwanga ukiwa bado unamtambulisha mtu sura. Wanawake waliokuwa uani walianza kulia walipoiona gari, kisha kilio kikakatika katikati, kimoja kimoja. Ferista alishuka. Aliona majembe yameegemezwa ukutani, yameoshwa. Wenye majembe walikuwa wakinawa mikono kwenye beseni.

Pembeni ya kaburi la mzee, kati yake na jiwe kubwa, palikuwa na tuta jipya.

"Mmefanya nini?" Rozi alipiga ukelele. "Baba mdogo, mmefanya nini?"

Nsajigwa alitoka mbele, shuka begani. Hakuonekana mtu aliyeshinda. "Tumefanya la kufanya. Nimepiga simu mara sita, imezimwa. Ningemwamini nani? Kesho watachimba kule kwenye makaburi ya kata. Pana nafasi nzuri."

Ferista alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba alizima simu ili asimsikie Seleman? Kwamba tangu saa moja asubuhi alikuwa akipigana na kila mashine na kila mtu ili awahi pale, na amewahi, na kazi ameipoteza, na mwanga bado upo? Alimtafuta mumewe kwa macho. Alimwogopa. Aliogopa atasema asante.

Lusubilo alikuwa amesimama mbele ya tuta, kofia mkononi. Akaliangalia. Kisha akaenda kwa baba yake mdogo na kumpa ile kofia, kama mtu anavyompa mtoto amshikie. Mzee akaipokea bila kujua anapokea nini. Lusubilo akarudi ukutani, akachukua koleo, akaanza kuchimbua.

"Lusubilo! Likishafungwa halifunguliwi!"

Aliendelea kuchimbua. Udongo ulikuwa mbichi na ulitoka kwa mafungu makubwa. Aliutupa pembeni kwa ile mikono yake ya seremala, na kila alipotupa aliguna.

"Unaita kifo kwenye nyumba hii!"

"Kipo tayari," alisema Lusubilo, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile sauti yake kufika mpaka uani. "Kimo kwenye gari. Dereva, washa taa."

Dereva akawasha taa za Noah, akazielekeza kwenye shimo. Wanaume walitazamana. Lwitiko, mtoto wa Nsajigwa, ndiye aliyekata shauri kwanza. Aliacha beseni, mikono bado ina maji, akachukua jembe bila kumtazama baba yake. Akafuata mwingine. Baada ya hapo hawakuhesabika. Ferista alivua viatu vya ofisini akasimama ukingoni, akipokea ndoo za udongo, na hakuna aliyemwambia kwamba pale si mahali pa mwanamke.

Waliufikia mgomba giza likiwa limeshaingia. Wazee walikuwa wameuzungushia shuka jeupe, wakaulaza vizuri, kichwa upande wa magharibi kama mtu. Lusubilo aliteremka shimoni, akaukumbatia, akaupandisha begani peke yake. Maji ya mgomba yalimtiririka shingoni mpaka kifuani. Alitembea nao mpaka alipokuwa amesimama Nsajigwa, mzee bado ameishika kofia, akautua miguuni pake.

"Baba mdogo," alisema, "huyu simjui. Njoo tumshushe mama."